Riha Ina Saa Yake: Tuliyojifunza kwa Mimea ya Kunukia Uani

Mchumaji karafuu wa Pemba hana haja ya kuelezwa jambo hili. Karafuu huchumwa ingali tumba, inapoanza kuingia wekundu na kabla haijafunguka. Ikishachanua, thamani yake imekwenda. Mimea mingine ya kunukia ina tabia hiyohiyo. Riha haikai juu ya mmea mchana kutwa ikimngoja mwenye bustani. Ina saa yake ya kuja na saa yake ya kuondoka.

Nyua nyingi za Unguja na Pemba zina mrehani, mwasumini na kichaka cha mchaichai, lakini ukipita hapo jioni hupokelewi na kitu. Majani ni mapana, kijani kimekolea, harufu haipo. Kwa uzoefu wetu wa kupanda na kuchuma, harufu hupotelea mahali patatu: mmea umewekwa pasipo pake, umelishwa na kunyweshwa kupita kiasi, au umechumwa saa isiyo yake. Hili la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo rahisi kuliko yote kulirekebisha.

Kabla ya kushika jembe, uliza kwanza mmea huo kwao ni wapi. Mrehani asili yake ni nchi za joto za Asia. Jina rehani tumelipata kwa Waarabu, nalo limo ndani ya Qur'ani, Surat Ar-Rahman, aya ya 12. Huo unataka jua. Mwasumini nao umetoka Asia ya kusini, na unataka jua vilevile. Mpachori na mlangilangi ni watoto wa misitu yenye unyevu ya Asia ya kusini-mashariki: mpachori ulikaa chini ya kivuli cha wenzake, mlangilangi ulipanda juu kulitafuta jua. Kotimiri na nanaa ni wageni wa nchi za baridi, na joto letu linawasumbua. Sasa fikiria mimea hii yote imepangwa mstari mmoja kando ya ukuta mmoja, inamwagiliwa kwa kata moja saa moja, kama ilivyo katika nyua nyingi. Kuna utakaostawi, lakini mingine lazima iumie.

Kwa hiyo tembea uani siku moja ya jua, saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, uangalie kivuli kinaangukia wapi. Mahali penye jua kwa saa sita au zaidi wape mrehani, mwasumini, mchaichai na mwaridi. Mahali panapopata jua la asubuhi tu, likaondoka kufika saa tano, wape nanaa na kotimiri. Chini ya mpapai au kando ya mgomba, penye jua la kuchuja, weka mpachori. Ukipenda riha iingie chumbani, kumbuka pia upepo. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Disemba mpaka Machi, na hiyo ndiyo miezi ya joto watu wanapolala madirisha wazi. Mwasumini uliopandwa upande huo wa dirisha utaleta harufu ndani. Uliopandwa upande wa pili utamnukishia jirani.

Udongo wa visiwa hivi si mmoja. Upande wa magharibi wa Unguja na sehemu kubwa ya Pemba kuna udongo wenye kina, ule mwekundu wa kinongo na mwingine wa kichanga, na hapo kazi ni kuongeza mboji tu. Upande wa mashariki wa Unguja, Makunduchi, Jambiani, Paje na kuendelea, ni maweni: jiwe la matumbawe lenye vishimo vya udongo kidogo. Jiwe hilo ni chokaa, na mwasumini uliopandwa humo hauchelewi kulalamika. Majani machanga ya juu hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, mpaka jani linaonekana kama limechorwa kwa wino. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Chuma kimo udongoni, lakini chokaa imekifunga na mizizi haiwezi kukinyonya. Wengi wakiona njano hukimbilia majivu ya jikoni. Hapo majivu ni kosa, kwa sababu nayo yana tabia ya chokaa na yanazidi kukifunga chuma hicho. Kwenye maweni usitie majivu kabisa. Panda katika ndoo au katika tuta lililoinuliwa kwa mawe, ujaze udongo ulioletwa.

Mchanganyiko unaotufaa ni debe moja la kinongo, nusu debe ya mboji iliyooza mpaka haina joto wala harufu, na nusu debe ya usumba wa nazi. Ndoo ya lita 20 inatosha mwasumini mmoja au mirehani miwili, na itobolewe chini matundu matano au sita ya upana wa kidole cha mwisho. Angalia sana usumba umetoka wapi. Makumbi yanayofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba hunywa maji ya bahari kwa miezi, na usumba wake umejaa chumvi. Uloweke katika maji baridi usiku mzima, mwaga, urudie mara tatu, kisha ndipo uchanganye. Asiyefanya hivyo huona miche inaungua ncha katika wiki ya pili akadhani ni ugonjwa.

Chumvi hiyohiyo huja na maji. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya magadi, na hasa mwisho wa kaskazi, mvua ikiwa mbali, chumvi huzidi. Dalili zake ni mbili: ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, na kingo za majani kukauka kahawia kuanzia nchani kurudi ndani. Nanaa huanza kuumia, halafu kotimiri, halafu asumini. Mchaichai huvumilia kidogo, na mhina huvumilia zaidi ya wote. Kama maji ya mfereji yapo, yawekee nanaa. Kama huna ila ya kisima, mara moja kwa wiki mwagilia chungu mpaka maji yatoke chini kwa wingi, ili yaiondoe chumvi iliyojikusanya. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kwa maji ya magadi ndiko kunakoirundika. Mvua ya masika ikinyesha, toa vyungu vyote nje ya paa vioshwe.

Na sahani iliyowekwa chini ya chungu ijaze mchanga. Maji yakisimama humo kwa wiki moja tu, mbu wanaoeneza homa ya dengi wameshazaliwa hapo mlangoni.

Tuje kwenye mrehani wenyewe. Mbegu yake ni nyeusi na ndogo, na ikiguswa na maji hujivika ute kama wa jeli. Ndiyo maana usiiloweke: itanata vidoleni na kuanguka kwa mafungu. Mwaga mbegu kavu juu ya udongo uliokwisha kumwagiliwa, kisha nyunyiza mchanga mwembamba wa kuifunika kidogo tu, isizame zaidi ya nusu sentimita. Itachipua kati ya siku tano na kumi. Maji yatiwe kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, asubuhi, ili jioni uso wa udongo uwe umekauka.

Hapa ndipo miche mingi hufa. Umeacha kitalu kizuri jana, leo asubuhi miche imelala chini, shina limenywea pale linapotoka udongoni kama limebanwa na uzi. Hicho ni kinyaushi, ukungu wa udongoni unaopenda miche iliyosongamana na maji ya jioni. Ulioanguka haurudi. Kinga yake ni kuumwagia udongo wa kitalu maji yanayochemka siku moja kabla, uache upoe, upande mbegu kwa nafasi, na upepo upite. Miche ikifika urefu wa sentimita kumi, ihamishie mahali pake kwa nafasi ya sentimita thelathini, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limepoa.

Mrehani ukiwa na jozi tano au sita za majani, kata ncha juu kidogo ya jozi ya tatu. Inauma moyo kukata mmea mdogo namna hiyo, lakini pale kwapani pa majani mna machipukizi mawili yaliyolala, na ncha ikiondoka yote mawili huamka. Baada ya wiki tatu kata tena ncha za matawi hayo. Mmea usiokatwa hupanda juu kama fimbo, hutoa maua upesi, majani yake hubakia madogo na magumu. Kosa la pili ni kukata chini sana, kwenye shina lililogeuka kuni lisilo na jani. Hapo haurudishi kitu, tawi hukauka mpaka chini.

Je, maua yaondolewe? Vitabu vingi husema yakatwe kila yakijitokeza, na kwa majani ya jikoni ni kweli. Lakini kwetu rehani ya kikuba, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia, ni ile yenye shada la maua juu. Kwa hiyo tunapanda mafungu mawili. La kwanza hukatwa maua bila huruma. La pili huachwa, na shada huchumwa vijiua vya chini vikiwa vimefunguka na vya juu vingali vimefumba. Vikishafunguka vyote, mmea unageukia mbegu na harufu inapungua.

Kuhusu chakula: konzi mbili za samadi ya ng'ombe iliyooza kwa kila mmea, kila baada ya wiki sita mpaka nane, basi. Samadi ya kuku ni kali. Ikae miezi mitatu kwanza. Mrehani ulioshibishwa una majani makubwa ya maji, ukilisugua moja vidoleni unanusa majani tu. Mwenzake aliyepewa kidogo, akakaa juani, ana majani madogo zaidi yaliyokaza, na ukiligusa moja tu mkono unanukia mpaka baada ya kuoga. Harufu hiyo ni mafuta yaliyofichwa kwenye vifuko vidogo juu ya ngozi ya jani. Jua na kiu kidogo huvijaza. Maji mengi na mbolea nyingi hukuza jani mpaka mafuta yanatawanyika.

Mrehani ukinyauka mchana ilhali udongo ni mbichi, usiongeze maji. Ung'oe mmoja utazame mizizi. Ikiwa na uvimbe kama shanga zilizotungwa, kubwa na ndogo, hao ni minyoo fundo. Wanapenda udongo wa mchanga, na hujaa zaidi pale palipowahi kupandwa tungule, bilingani au bamia. Ng'oa yote na mizizi yake, uichome moto, usiitie kwenye mboji. Kisha mwagilia tuta, lifunike kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, ukandamize kingo kwa udongo, uliache wiki nne mpaka sita kati ya Januari na Februari jua linapowaka. Joto lililofungiwa humo huwaua walio juu juu. Wa chini sana watabaki, kwa hiyo msimu wa kwanza panda hapo mchaichai.

Mrehani wa mwaka mzima umeshachoka. Kata kikonyo cha sentimita kumi kisicho na ua, toa majani ya chini, kisimamishe katika gilasi ya maji mahali penye mwanga lakini si jua, ubadilishe maji kila siku ya pili. Mizizi hutoka ndani ya siku saba mpaka kumi. Ikifika sentimita mbili, panda. Usingoje iwe mirefu. Mizizi iliyozoea maji mno hupata shida udongoni.

Mwasumini una haraka ndogo na malipo makubwa. Chukua tawi lililoanza kukomaa, si lile laini la ncha wala lile la kuni, ulikate sentimita kumi na tano lenye vifundo vitatu. Toa majani ya chini, zika vifundo viwili, uweke kivulini penye unyevu. Wiki nne mpaka sita likianza kuchipua, usilivute kulijaribu kama limeshika. Mizizi ya kwanza ni miembamba na hukatika. Njia ya hakika zaidi ni kuinamisha tawi lingali kwa mama yake, kulikwaruza ngozi upande wa chini, kulifukia hapo kwa udongo na kulikandamiza kwa jiwe. Baada ya miezi miwili kata upande wa mama.

Wanaolalamika kwamba mwasumini wao hautoi maua huwa wamefanya moja kati ya mawili: wameuweka kivulini, au hawaukati. Asumini hutoka kwenye tawi jipya. Kichaka kisichoguswa kwa miaka mitatu ni majani na kamba tupu. Mwisho wa kusi, Agosti au Septemba, punguza theluthi nzima ya kichaka, ondoa matawi makavu ya ndani, tia mboji shinani. Mvua za vuli zitakuta machipukizi tayari, na baada ya wiki sita hivi utaanza kuona vitumba. Ukiona chungu weusi wanapanda na kushuka shinani, fuata njia yao: kwenye vikwapa vya majani utakuta vidung'ata, vidudu vyeupe kama pamba. Sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni, osha kwa maji asubuhi. Rudia baada ya wiki, kwa kuwa mayai hayafi mara ya kwanza.

Na sasa ile saa. Sogea karibu na mwasumini saa kumi na nusu jioni. Utaona vitumba vya aina tatu katika kishada kimoja. Vidogo vya kijani, hivyo ni vya kesho kutwa na baadaye. Vyeupe vilivyonyooka vikiwa vyembamba, hivyo ni vya kesho. Na vyeupe vilivyojaa, vimetuna kichwani, ngozi yake inang'aa kidogo, hivyo ni vya usiku huu. Vinuse: havina harufu, au ipo kidogo sana. Watu wengi hukata tamaa hapo, wakasubiri kesho asubuhi ndipo wachume ua lililofunguka, ambalo limeshatoa riha yake usiku kucha na linakaribia kudondoka. Chuma vile vilivyotuna, kwa kucha, pamoja na kikombe chake cha kijani. Viweke juu ya kitambaa kibichi kilichokamuliwa, ndani ya jani la mgomba. Baada ya magharibi vitaanza kufunguka kimoja kimoja mbele ya macho yako, na kuanzia hapo mpaka saa tatu usiku chumba kizima kitajua. Ua la asumini huendelea kutengeneza harufu hata baada ya kukatwa, na hii ndiyo sifa inayofanya koja livaliwe usiku mzima. Kitumba kilichochumwa kikiwa chembamba hakifunguki kamwe; hukauka kikiwa kimefumba.

Mlangilangi kinyume chake ni mti wa alfajiri. Ukiachwa hupanda mita ishirini, na maua yakawa ya ndege. Mche ukifika mita tatu, ukate kwenye mita mbili, kisha ufundishe matawi kuinama kwa kuyafunga mawe madogo kwa kamba. Upandwe mita nne au tano kutoka ukutani, na uhamishwe ungali mdogo ndani ya mfuko wake bila kuutikisa, kwa sababu mzizi mkuu ukikatika mti hudumaa. Ua hutoka kijani na hukaa kijani kwa siku nyingi bila kunukia. Lingoje ligeuke njano na lionyeshe doa la wekundu ndani, kwenye shina la majani ya ua. Lichume kabla jua halijachomoza. Ukilibana, pale ulipogusa pataingia weusi kabla ya adhuhuri, basi lishike kwenye kikonyo chake.

Mpachori ni rahisi kupanda kwa vikonyo, lakini unawachanganya watu kwa sababu jani bichi halinukii sana. Harufu yake hujengeka likinyauka. Chuma majani ya chini yaliyokomaa, mmea ukiwa na miezi mitano au sita, yatandaze kwenye ungo kivulini siku tatu. Jua kali huyapokonya riha. Nao huliwa na minyoo fundo kama mrehani, kwa hiyo usiupande palipougua mrehani.

Neno dogo kuhusu mkadi, kwa wale wenye nafasi: lile ua jeupe refu la kutia kwenye nguo ni la mkadi dume. Anayepanda mbegu hajui atapata dume au jike, na atajua baada ya miaka. Omba chipukizi la pembeni kutoka mti uliokwisha kutoa ua.

Ya jikoni tuyapitie upesi. Mchaichai unapasuliwa kutoka shina la zamani, majani yanakatwa yabaki sentimita kumi na tano, unapandwa kwa nafasi ya hatua moja. Baada ya miezi minne unaanza kuvuna, ukiacha sentimita kumi chini. Vaa shati la mikono mirefu, kingo za majani hukata ngozi. Shina likishajaa kuni katikati, mwaka wa tatu au wa nne, chimbua ugawe. Nanaa weka kwenye beseni pana lenye matundu, si kwa sababu ya uzuri, ila kwa vile hutambaa na kuwasonga wenzake. Katikati ikianza kufa, chukua ncha za pembeni uzipande upya.

Kotimiri ndiyo inayowashinda wengi, na sababu yake ni kalenda. Ikipandwa Januari huchipua, hutoa majani mawili matatu ya kupendeza, halafu hukimbilia maua kwa sababu ya joto. Panda kuanzia Juni mpaka Agosti, katika kipupwe. Kila punje ya gilgilani, ndiyo mbegu ya kotimiri, ina mbegu mbili ndani. Isugue kwa chupa juu ya ubao ipasuke mara mbili, isisagike, iloweke usiku mmoja, panda palepale itakapokaa. Haipendi kuhamishwa. Na usipande yote siku moja: mstari mfupi kila wiki mbili ndio unaokupa kachumbari mpaka Septemba.

Kukausha hapa visiwani kuna masharti. Aprili na Mei usijaribu, hewa ni mbichi na majani hushika ukungu kabla ya kukauka. Miezi mingine funga mafungu madogo, mashina kumi basi, uyaning'inize mahali penye upepo pasipo jua. Jani likivunjika kwa sauti, limekauka, likikunjika, bado. Lililo bado likiingia kwenye chupa huharibu chupa nzima.

Kikuba sasa. Rehani ichumwe asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali, kati ya saa moja na nusu na saa tatu, isimamishwe kwenye maji kivulini mpaka jioni. Langilangi iliyochumwa alfajiri nayo ikae kwenye kitambaa kibichi. Vitumba vya asumini vya saa kumi na nusu, thelathini hivi. Majani manne matano ya mpachori yaliyonyauka, na petali za waridi moja. Tandaza mashada matatu ya rehani kwenye kiganja, maua yakitazama nje. Juu yake mpachori, halafu langilangi katikati, halafu petali. Asumini zitunge kwa sindano na uzi, ukipitisha kwenye kikombe cha kijani na si kwenye ua, zizungushe pembeni, kisha funga shinani kwa uzi wa mgomba uliolowekwa. Kaza kiasi cha kushika tu. Ukikaza sana rehani huwa nyeusi pale kwenye fundo kabla ya isha. Nyunyiza marashi ya mawaridi tone mbili tatu juu ya majani, usiyamwage juu ya asumini, maana hugeuka kahawia palipolowa.

Langilangi na asumini zinazobaki hutengeneza mafuta ya nywele. Chukua kikombe kimoja cha mafuta ya nazi safi, tia konzi mbili za maua yaliyopanguswa yasiwe na tone la maji, funika kwa kitambaa. Kesho yake chuja, tia maua mapya. Fanya hivyo siku tano mpaka saba. Usichemshe, moto huondoa ile harufu ya juu unayoitaka na kubakisha ya chini. Maji yakiingia, mafuta huchacha ndani ya wiki. Nyakati za kipupwe mafuta ya nazi huganda usiku, maana joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi huwa kama samli, na yakiganda hayanyonyi harufu vizuri. Basi weka bakuli juani kidogo asubuhi kabla ya kutia maua mapya.

Na kikuba cha jana usikitupe. Asumini zitoe, kwa kuwa zikigeuka kahawia huanza kunuka. Rehani, mpachori na petali zilizobaki zifungue, zitandaze kwenye ungo kivulini siku mbili, kisha zitie katika mfuko wa kitambaa ndani ya sanduku la nguo. Langilangi haikauki vizuri, huoza. Hiyo irudishe kwenye mboji chini ya mrehani.